Kikundi changu kinataka kunichangia nikasome Uingereza. Nikubali?

BARUA YA MSOMAJI

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, ofisa maendeleo ya jamii wa kata katika mkoa wa Dodoma. Huu ni mwaka wangu wa tisa kazini, na muda wote huo nimekuwa kata ileile, ukiondoa likizo ya uzazi. Nimeolewa na tuna mtoto mmoja wa miaka mitano. Naomba usitaje wilaya yangu, maana huku tunajuana.

Februari mwaka huu nilipata barua ya kukubaliwa katika chuo kimoja cha Uingereza kusoma masta ya maendeleo ya kimataifa na ya jamii. Ni mwaka mmoja, kuanzia Septemba. Fomu niliijaza usiku kwa simu, nimesimama juu ya jiwe nyuma ya ofisi ya kata, kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Barua ilipokuja nilikaa palepale kwenye jiwe nikalia.

Nikueleze kwa nini nataka sana. Mwaka juzi alikuja dada mmoja kutoka Dar es Salaam, umri wake miaka 26, ana masta ya nje, na dodoso la kurasa 14. Nilimzungusha vijiji vitatu kwa siku tatu, nikamtafsiria kwa wazee wasiojua Kiswahili vizuri, nikamweleza kwa nini visima viwili vilikufa na cha tatu kinafanya kazi. Ripoti ilipotoka, niliyomwambia chini ya mwembe yalikuwemo yote, yamepangwa vizuri kuliko nilivyoyasema mimi. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye ukurasa wa shukrani: "ofisa wa kata". Hata jina halikuwepo. Mshauri, mimi ripoti naandika kila robo mwaka, na sijawahi kuona aliyezisoma.

Sasa hesabu. Ada ni pauni 19,000, chuo kimenipunguzia 5,000, nimebakiwa na 14,000. Kwa pauni moja shilingi 3,300 ni kama milioni 46. Mshahara wangu ukishakatwa makato haufiki milioni moja. Mama yangu amesema atauza ekari zake mbili, tutapata milioni 16. Saccos watanikopesha 15. Akiba yangu ni milioni 6. Chuo kinataka amana ya pauni 3,000 kabla ya mwisho wa Juni, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Mume wangu hataki. Alikuwa mtu wa takwimu katika mradi wa afya uliokuwa ukilipwa na fedha za Wamarekani. Januari 2025 waliambiwa wasimamishe kazi, na hawakurudishwa tena. Sasa anafuga kuku na jioni anaendesha boda. Nilipomwonyesha barua ya chuo aliisoma mpaka mwisho, akairudisha, akasema: "Unakwenda kusomea kazi iliyokufa." Tangu siku hiyo hatujalizungumza vizuri. Mama mkwe yeye anasema mtoto wa miaka mitano haachwi. Nilidhani ningekwenda naye, lakini nimesikia sheria imebadilika.

Na sasa lililonifanya nikuandikie. Nina kikundi cha wanawake 25 nilichokianzisha mwaka wangu wa pili. Wananunua hisa za shilingi 2,000 kila Jumatano, na sanduku lao lina kufuli tatu, kila ufunguo unakaa kwa mama wake. Walipata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kukopesha vikundi, wakanunua mashine ya kukamua alizeti. Aprili 2023 serikali iliposimamisha mikopo ile, walikuwa wameshajaza fomu ya awamu ya pili, wakasubiri mpaka ilipofunguliwa tena mwaka 2024. Sasa wana fomu nyingine, na mimi ndiye ninayeipitia kabla haijakwenda mbele.

Habari za chuo sikuwaambia mimi, zilivuja. Jumatano iliyopita mwenyekiti alisimama akasema kikundi kimeamua kunichangia milioni nne kutoka sandukuni. "Wewe ni binti yetu. Ukirudi na masta, kata nzima imesoma." Wakapiga vigelegele. Nilishindwa kusema kitu. Mama mmoja tu, mshika ufunguo wa pili, hakupiga. Alikuwa ameinama anafungua na kufunga lile fundo la kanga analowekea ufunguo. Baadaye aliondoka bila kuniaga, na huwa ananiaga.

Nikikataa, nitawavunja moyo. Nikikubali, sijui. Mkurugenzi wa halmashauri bado sijamwambia chochote, naogopa jina langu lisije likaandikwa vibaya. Nimebakiwa na wiki sita. Nisaidie.

Binti wa Jumatano, Dodoma


JIBU LA MSHAURI

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi kwa ajili yako, na furaha hiyo bado ninayo. Mtu aliyejaza fomu ya chuo kikuu amesimama juu ya jiwe gizani anastahili kuambiwa hongera kabla ya lolote lingine. Hongera sana.

Ulivyoandika, ni kama una swali moja: nikubali milioni nne au nikatae? Mimi naona yako matatu, yamefungwa fundo moja. La kwanza, je, usome shahada ya uzamili? La pili, je, uisome Uingereza, Septemba hii, kwa fedha hizi? La tatu ndilo la sanduku. Hofu yangu ni kwamba wiki sita za amana zinakulazimisha uyajibu yote kwa siku moja, ilhali kila moja lina muda wake. Tuyafungue moja moja. Nitaanza na la pili, kwa kuwa lina tarehe.

Umehesabu milioni 46. Hiyo ni ada peke yake, mwanangu. Viza ya mwanafunzi wa Uingereza inataka uonyeshe, juu ya ada, fedha za kujikimu: kwa anayesoma nje ya London ni zaidi ya pauni 1,100 kwa mwezi, kwa miezi 9. Hapo tayari ni kama pauni 10,000. Na fedha hizo lazima ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua, kwa hiyo kuzikopa Jumatatu na kuzirudisha Ijumaa hakusaidii. Kuna ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na viza yenyewe ni zaidi ya pauni 500. Bado nauli, bado koti la baridi. Kwa kiwango ulichotumia wewe, tunakwenda kwenye milioni 85 au kuizidi. Ukikusanya za mama, za Saccos, akiba yako na za kikundi, unafika milioni 41. Ulidhani umebakiza milioni 5. Pengo lako liko karibu na milioni 45, yaani mshahara wako wote wa karibu miaka minne, bila kula wala kulipa ada ya chekechea.

Najua kuna atakayekuambia: nenda tu, ukifika utafanya kazi. Sheria inamruhusu mwanafunzi wa shahada kama yako saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wafike ni kwamba masta ya mwaka mmoja haina likizo ndefu ya kiangazi. Juni mpaka Agosti ni miezi ya kuandika tasnifu, na kikomo cha saa 20 kinabaki palepale. Nimewaona vijana waliolipia ada kwa kuosha vyombo usiku, wakaandika tasnifu kwa macho yanayofumba. Walimaliza, lakini kile walichokifuata hawakukipata sawasawa.

Kuhusu mtoto, ulichosikia ni kweli. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa masta Uingereza hawawezi kwenda na mume, mke wala watoto. Waliobaki na ruhusa ni wa shahada za utafiti na wanaosomeshwa na serikali. Kwa njia uliyo nayo sasa, utakwenda peke yako. Sisemi mama hawezi kumwacha mtoto mwaka mmoja. Wapo waliowaacha na bibi zao na watoto wakakua vizuri, na wanaume tunaowasifu wameacha watoto miaka mingi bila mtu kuwauliza. Nasema tu uamue ukijua hivyo, usiamue ukitumaini patatokea njia.

Je, kuna njia ya kwenda bila kuuza ekari za mama? Ipo, na haina uhakika. Umri wako na miaka yako tisa ya kata ndivyo hasa wafadhili wakubwa wanavyovitafuta. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza unataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili angalau, unalipa ada, nauli na posho, nawe unaahidi kurudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Maombi yake kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba. Kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Kuna ule wa DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili wanafunzi, kwa masomo yanayohusu maendeleo, nao unataka watu waliokwisha kufanya kazi. Ila huo huangalia pia shahada ya kwanza uliipata lini, na wewe una miaka tisa kazini, kwa hiyo soma masharti vizuri kabla ya kujipa moyo. Hatari yake ni hii: waombaji ni wengi mno. Unaweza kuomba mara mbili ukakosa mara mbili, ukawa na miaka 36 na barua ya chuo imeshapitwa. Ukiwa na moyo wa kulivumilia hilo, waandikie chuo uwaulize kama wanaweza kukuahirishia nafasi yako mwaka mmoja. Vyuo vingi hukubali. Ni barua ya mistari mitano, na itakuonyesha kama ile tarehe ya Juni ni ukuta au ni pazia tu.

Sasa mume wako. Umeniandikia neno lake moja, nami ningependa ulisikilize tena kwa sikio jingine. Mtu aliyekuwa na meza, kompyuta na kadi shingoni, akaamka asubuhi moja ya Januari akaambiwa asimamishe kila kitu, hajasahau. Shirika la misaada la Marekani lilifungwa rasmi Julai 2025. Uingereza nayo, unakotaka kwenda, ilitangaza Februari 2025 kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027. Kwa hiyo mumeo haongei upuuzi. Akisema kazi imekufa, anazungumzia kazi aliyoizika kwa mikono yake.

Ila kazi yake na kazi yako si moja. Ajira za miradi zimepungua sana, na masta nyingi za maendeleo ya kimataifa, tangu zilipoanzishwa, zimekuwa zikiandaa watu kwa ajira hizo: kuandika maandiko ya miradi, kupima matokeo, kuripoti kwa mfadhili. Wewe unalipwa na halmashauri. Mradi ukifungwa, kata bado ipo, na wanawake wale bado wanakutana Jumatano. Basi soma upya orodha ya masomo ya chuo chako, somo kwa somo, na kwa kila moja jiulize lingekusaidia nini kwenye kisima cha nne. Kama mengi yanakuandaa uwe yule dada mwenye dodoso, ni vizuri ulijue mapema. Labda ndicho unachokitaka, na si dhambi kukitaka. Ila mumeo anayo haki ya kujua kama unapanga kurudi kwenye kata au kuhamia kwenye dunia ile iliyomtupa nje. Sidhani kama umeshamwambia. Sidhani kama mwenyewe umeshajiambia.

Hapo tunafika kwenye swali la kwanza: usome au usisome. Nakubali una kiu, na ni kiu ya kweli. Nataka tu tuitazame kwa karibu. Kwenye barua yako, mahali palipo na moto zaidi ni ule ukurasa wa shukrani. Uliyoyajua wewe yameandikwa na mtu mwingine, na jina lako limeachwa. Ni dhuluma, mwanangu, nami niliposoma nilikasirika kama vile nimefanyiwa mimi. Lakini dhuluma ile haikutokea kwa sababu hukujua. Ulijua. Ulikosa namna ya kuyaandika yasomeke, na ulikosa mtu wa kuyasoma. Masta nzuri itakupa la kwanza. La pili huenda isikupe popote ulipo, na nisingependa ulipie milioni 85 ukidhani utapewa vyote viwili.

Kuna dhana nyingine naiona katikati ya mistari yako, kwamba maarifa yenyewe yako kule. Acha nikupe kisa. Miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mtafiti Mfini, Marja-Liisa Swantz, ambaye pamoja na wenzake Watanzania walichoka na utafiti wa kumhoji mwanakijiji na kuondoka. Wakaanza kutafiti pamoja na wanakijiji wenyewe, nao wakiuliza maswali na kupima majibu. Mwaka 1975 ukaanza mradi wa Jipemoyo huko Bagamoyo magharibi kwa mtindo huohuo. Utafiti shirikishi, ambao leo utaukuta kwenye mitaala ya vyuo vingi vya maendeleo Ulaya, sehemu ya mizizi yake ni hapa, kwenye vumbi kama la kwako. Na Robert Chambers, Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, kabla ya hapo alikuwa ofisa tawala Kenya. Yeye aliandika mwaka 1983 kuhusu wageni wa maendeleo wanaovifahamu vijiji kutoka barabara ya lami, wakati wa kiangazi, kwa kuzungumza na viongozi tu. Wewe umeishi kata ileile masika tisa. Kuna vitu ambavyo wao wamevitafuta kwa miaka, wewe unavyo na hujaviita jina.

Kwa hiyo usivuke haraka vyuo vya hapa. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kiko Dodoma hapohapo. Kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kuna Mzumbe na Sokoine Morogoro, kuna Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru kule Arusha, na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho kinawafaa hata watu walioko kazini. Ukisoma hapa, mshahara unaweza kuendelea, mtoto analala kwake, na tasnifu unaweza kuiandika juu ya visima vyako mwenyewe, kwa jina lako kwenye jalada. Nayo ina ubaya wake, nisikufiche. Kusoma huku unafanya kazi kunachosha vibaya. Wengi humaliza masomo ya darasani vizuri, kisha tasnifu ikalala kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati miaka minne. Mimi yangu ililala miwili. Nilisoma nikiwa na miaka 41, nina watoto watatu na mkuu wa idara asiyependa kuona kitabu mezani. Na ni kweli pia kwamba kuondoka kunafungua macho kwa namna ambayo kukaa hakufungui. Kukaa darasani na Mnepali na Mghana wenye visima vilivyokufa kama vyako, hilo Dodoma haiwezi kukupa. Kwa hiyo siwezi kukuambia kipi ni kizito zaidi. Mwenye mizani ni wewe.

Kuhusu mkurugenzi nitakuwa mfupi, maana hapa sioni pande mbili. Mtumishi wa umma haondoki bila ruhusa ya masomo ya maandishi. Akiondoka, huo ni utoro kazini. Muulize kwanza ofisa utumishi: je, jina lako lipo kwenye mpango wa mafunzo? Ukienda, mshahara utaendelea au utasimama? Utatakiwa kutumikia miaka mingapi ukirudi? Shahada ya nje utaipeleka Tume ya Vyuo Vikuu itambuliwe. Je, ikishatambuliwa itabadilisha nini kwenye ngazi yako? Majibu hayo yanaweza kugeuza hesabu yote, nawe unajadili kuuza shamba kabla ya kuyajua. Woga wako nauelewa. Lakini kuuliza utaratibu ni haki yako, hakuna anayeandikwa vibaya kwa kuuliza.

Nimeliacha sanduku mwisho kwa makusudi.

Vile vigelegele vilikuwa vya kweli. Usijitilie shaka hapo. Wanawake wale wanakupenda, na kuna heshima ambayo hupewi na chuo chochote duniani, nayo ni kuitwa "binti yetu" na wanawake 25 waliokuona ukianza kazi hujui hata kuendesha mkutano. Ukiikataa kwa kauli ya ofisi, utakuwa umeikataa heshima hiyo. Hilo nalikubali.

Sasa ichukue milioni nne uigawe kwa 25. Kila mmoja ni shilingi 160,000. Kwa hisa ya shilingi 2,000 ni hisa 80. Vikundi vingi humruhusu mwanachama kununua hisa tano, zisizidi, kwa mkutano mmoja. Kama chenu ndivyo kilivyo, huyo mwenye uwezo wa kununua tano kila wiki anakupa Jumatano 16. Anayenunua moja moja anakupa Jumatano 80, mwaka mmoja na nusu wa maisha yake ya kuweka akiba. Na mashine ya alizeti ilinunuliwa kwa mkopo, huenda bado inadaiwa marejesho. Je, mwenyekiti alipotangaza, kila mmoja alikuwa ameulizwa? Waliulizwa wamekaa duara, huku wewe umeketi mbele yao? Kuna mwanamke gani angenyanyua mkono mbele yako akasema hapana, wakati fomu ya mkopo wake iko kwenye faili lako?

Hilo la fomu lina uzito wake peke yake. Ukipokea fedha zao wiki hii na wiki ijayo ukapitisha maombi yao, hata ukiyapitisha kwa haki kabisa, kikundi cha kijiji cha pili kitasema walinunua saini. Wakinyimwa, wao watasema umewadhulumu baada ya kuwala. Sioni namna ya kulitenga hilo kwa maneno mazuri, na sidhani umuhimu wake umekupita; ninahisi ndiyo maana ulipofika hapo ukaandika "sijui" ukaweka nukta.

Lakini kati ya kukubali na kukataa kuna nafasi pana. Unaweza kuwashukuru na kuwaomba wakupe kitu ambacho hakitoki sandukuni. Barua ya kikundi, kwa mfano, yenye alama za vidole gumba vyote 25, ikieleza mlivyofanya kazi miaka hii, iambatane na maombi yako ya ufadhili. Unaweza kumwomba mkuu wako wa idara ampe ofisa mwingine kazi ya kupitia fomu zao. Unaweza kuwaambia ukweli kwamba hujaamua, na kwamba hutaki sanduku lifunguliwe kwa ajili ya safari ambayo huenda isiwepo. Kila moja lina gharama. La mwisho linaweza kumwaibisha mwenyekiti aliyetangaza, kwa hiyo aambiwe kwanza, faraghani, asikie kwako kabla ya wengine.

Na yule mama wa ufunguo wa pili. Katika barua yako yote umempa sentensi tatu, lakini ulimwona. Watu 24 walikuwa wanashangilia, jicho lako likaenda kwenye fundo la kanga. Hiyo ndiyo kazi yako, binti yangu, na unaiweza. Simjui. Huenda ana mgonjwa nyumbani anayesubiri mgao wa mwisho wa mwaka. Huenda anadhani ukienda hutarudi, na anakulilia mapema. Huenda ameudhika kwa jambo lisilokuhusu kabisa. Nisingependa upeleke amana chuoni kabla hujajua.

Nenda kwake jioni, peke yako, bila daftari, kabla ya Jumatano ijayo. Msaidie kuchambua mboga kama ndicho anachofanya. Muulize ile milioni nne kikundi kilikuwa kimeipangia nini kabla habari zako hazijavuja, kisha nyamaza umwache aseme kwa mwendo wake. Ukishamsikia, niandikie tena, hata kama ni kwa kusimama juu ya lile jiwe. Nitasubiri.